Waya Uliopita Pazia la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeamua. Mimi ni fundi wa stima. Bado sijawa, lakini nimeamua.

Duka la magodoro limefungwa tangu Desemba. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia wateja walale wajaribu. Sasa ninayelala ni mimi, juu ya godoro la sampuli, huku Nakhumicha, mke wangu, akitoka alfajiri kwenda kufua mashuka ya hospitali. Anafunga mlango polepole asiniamshe. Niko macho, najifanya nimelala. Aibu tupu! Afadhali angeubamiza.

Nimeenda chuoni kuuliza. Karani anaitwa Bi. Dorca. Alinitandazia kozi zote kama muuza mitumba wa soko la Kibuye. Diploma: miaka mitatu. Nitahitimu nikiwa na mvi mpaka kwenye nyusi! Krafti: miaka miwili, na hesabu ndani yake. Gredi ya Tatu: miezi michache ya mazoezi, kisha mtihani wa mikono. Alisema hiyo ndiyo inamfaa mtu kama mimi. Sikupenda alivyotamka “mtu kama wewe”. Nikachungulia darasa lenyewe. Vijana watupu. Mmoja akaniita budaa, yaani mzee, akaniuliza kama nimekuja kumtafuta mwanangu.

Ndipo Bi. Dorca akataja ya mwisho: utambuzi wa ujuzi. Ni ya mafundi waliofanya kazi miaka mingi bila karatasi. Hakuna darasa! Mkaguzi anakuja kutazama kazi uliyoifanya kwa mikono yako, anakuuliza maswali, unapata cheti. Nikamwambia ni mimi kabisa huyo. Akauliza nimefanya stima tangu lini. Nikasema tangu ujana. (Nilibadilisha balbu nikiwa kidato cha pili.) Akauliza kazi yangu iko wapi ikaguliwe. Mdomo ukasema Awasi. Mdomo ukaongeza: nyumba nzima.

Mkaguzi atakwenda Awasi Jumatatu ijayo. Kwa hiyo kabla ya Jumatatu natakiwa kuwa nimefanya kazi Awasi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango uko tayari. Awasi ni kwa mama mkwe. Marehemu mumewe alifanya kazi ya sukari kule, akanunua kiwanja, na mama akabaki. Ni fundi cherehani. Anashona sare za akina mama wa kanisa. Watu wa stima walimpachikia kibao kimoja ukutani sebuleni, chenye balbu moja na soketi moja, wakaenda zao. Cherehani iko chumbani kwake, gizani. Anashonea taa ya koroboi, na macho yanamtoka machozi.

Robinson, mume wa Becky, mdogo wa mke wangu, aliahidi kumletea fundi kutoka mjini. Robinson ana gari na ahadi nyingi. Nikampigia mama simu nikamwambia aachane na Robinson, mkwe wake mkubwa sasa ni fundi. Alifurahi mpaka akaanza kuomba kwenye simu. Jioni nikasikia ameshawatangazia akina mama wa kanisa waje Jumatatu wachukue sare zao na waone mwanga.

Nakhumicha naye nimemwambia. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaenda jikoni, akanipikia chai yenye tangawizi. Hajaniwekea tangawizi tangu Desemba! Niliinywa huku nikitazama ukuta.

Robinson ametuma ujumbe: nisichome nyumba ya mama. Wivu.

Nimenunua koleo, tesita, waya, swichi, soketi, na kijitabu chenye picha. Mkanda wa kuning'inizia vifaa pia. Unanipendeza sana.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefika Awasi. Mapokezi ya kifalme! Mama alinisalimia kutoka upande wa pili wa ua, uso kaugeuza kando, nami nikageuza wangu, kama ilivyo adabu ya mkwe na mama mkwe. Hatupeani mikono. Kuku alichinjwa. Firigisi ikaletwa kwangu kwa sahani yake peke yake, kama heshima ya mkwe.

Baada ya kula nikafunga mkanda, nikapima sebule, nikapima jikoni, nikasonga mbele na kufikia pazia la maua.

Nikasimama.

Nyuma ya pazia ni chumba cha kulala cha mama mkwe.

Nimeoa miaka kumi na saba. Najua vizuri kwamba mkwe haingii humo, hata nyumba ikiwaka moto. Nilikuwa nafikiria nyaya tu, sikufikiria vitanda! Na cherehani iko humo, na balbu inayotakiwa kuliko zote ni ya humo. Nikasimama pale na tesita mkononi. Mama akakohoa kwa upole kutoka jikoni. Akauliza, “Baba Debra, kuna shida?” Nikamwambia hakuna shida, napima pazia.

Niite Robinson? Naye ni mkwe. Nimwite Nakhumicha? Nimeshamwambia kwamba kazi imebaki kupiga msasa tu. Niite fundi wa hapa sokoni? Jioni Awasi nzima ingejua.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepata suluhisho! Mama mwenyewe.

Nilizima kibao cha stima, nikaketi kwenye stuli nje ya pazia, mgongo kwa mlango, nikafungua kijitabu. Nikamwambia mama kwamba kuna kazi ndogo sana ya kushika shika humo ndani. Nikapitisha waya chini ya pazia. Nikapitisha koleo. Nikamsomea: waya wa kahawia uende hapa, wa bluu pale, wa kijani wenye mstari wa njano uende katikati, usibane mpaka uone umekaa. Mama akataka nirudie. Nikarudia. Akataka nirudie tena. Alinichosha! Kila kitu anauliza kwa nini. Mara nikamsikia anapima kwa futi yake ya kushonea. Nikamwambia kwamba stima haihitaji hayo. Akaendelea kupima.

Ilichukua asubuhi nzima. Kisha nikafanya sebule na jikoni haraka haraka. Kijitabu nilikiweka mfukoni. Fundi haonekani akisoma.

Tulipowasha, chumbani kwa mama kukawaka. Nilimsikia akicheka peke yake, kicheko cha msichana. Kisha cherehani ikaanza kulia mfululizo. Nikajisikia vizuri, kama kwamba nimefanya mimi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Bwana Ogola, mkaguzi, alifika kwa pikipiki. Mtu mpole, mrefu, kofia ya pikipiki kwapani. Sebule imejaa akina mama wa kanisa na sare zao mapajani, chai mkononi, wote wakinitazama mkanda. Mama alikuwa amewaambia kwamba mkwe wake hana maneno mengi, ni mtu wa kazi.

Nikabonyeza swichi ya sebuleni. Ikawaka taa ya jikoni. Nikabonyeza ya jikoni. Haikuwaka kitu, ila redio ikazimika katikati ya wimbo wa injili. Nikasema ni mtindo mpya. Bwana Ogola akaandika kitu.

Akaomba ruhusa ya kuona chumbani. Mama akamruhusu, yeye ni mgeni wa kazi. Akakaa humo. Aliporudi alikuwa na uso mwingine. Akasema kazi ya humo ni safi, nyaya zimenyooka kama mshono, na soketi imekaa sawasawa. Akasema haelewi vipi mtu mmoja afanye hivi huku na vile kule. Akaniambia niingie naye, nifungue ile soketi, nimweleze.

Nikatazama pazia. Akina mama wakanitazama mimi.

Bwana Ogola akauliza kwani nyumba ni ya nani. Mama Rachael, aliyekaa karibu na mlango, akajibu kwa furaha kwamba ni ya mama mkwe wangu. Bwana Ogola akaishika kofia yake kifuani. Akaniambia taratibu, “Mzee, hebu nisaidie. Hiki chumba uliingia ama hukuingia?”

Majibu yalikuwa mawili tu. Nikisema sikuingia, kazi si yangu, cheti hakuna. Nikisema niliingia, mimi ni mkwe asiye na adabu, na mama ni mama mkwe wa mkwe huyo, mbele ya kanisa lake zima. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Sikuitumia.

Nikasema, “Niliingia.”

Kikombe kikaanguka. Mama Rachael akapiga ukelele, “Woi! Kwa mama mkwe?” Mwingine akafunika uso kwa sare. Nikaona shingo ya mama ikiinama, mama ambaye, kwa heshima, hajawahi hata kunitazama usoni miaka yote kumi na saba. Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na mkanda wangu.

Mama akasimama. Hakupandisha sauti. “Hakuingia. Ni mimi nilifunga hizo waya. Yeye alikaa hapa nje akinisomea kitabu, mgongo huku.” Akaongeza, “Amenifundisha vizuri.”

Hilo la mwisho ndilo lililoniua. Angenitukana!

Bwana Ogola akamwuliza maswali mama. Wa kahawia ni wa nini, wa bluu ni wa nini, wa kijani kwa nini usiachwe. Alijibu yote, akiukunja na kuukunjua mkono wa sare. Mimi nilikuwa najifunza kutoka pembeni.

Chakula kilipoletwa, firigisi iliwekwa mbele yangu. Kama kawaida. Kwa sahani yake. Nikaila. Ilikuwa imeiva vizuri, na nilikuwa na njaa. Aibu hiyo nayo naiandika.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Habari ilifika nyumbani kwetu Manyatta kabla yangu. Chai haikuwa na tangawizi. Haikuwa chai, yalikuwa maji ya moto yaliyopita karibu na majani.

Nakhumicha aliniuliza kitu kimoja tu: kama ningeulizwa mara ya pili, ningesema nini? Nikajibu kwamba inategemea mkaguzi. Akanyanyuka.

Leo alfajiri aliubamiza mlango. Nilikosea. Kubamiza ndiko kubaya zaidi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Amepiga simu Mzee Wakhisi, ndugu wa marehemu baba mkwe. Amesema neno limetoka kinywani mbele ya watu, hata kama mguu haukuvuka pazia. Lazima nipeleke mbuzi nyumba isafishwe. Robinson alikuwa kwenye simu hiyo hiyo. Alikuwa anakohoa. Ni kicheko, namjua.

Kumbe mama amekataa mbuzi. Amesema anataka kitu kingine: kile kijitabu, na koleo. Bwana Ogola mwenyewe amepeleka jina lake chuoni, aanze mafunzo ya Gredi ya Tatu pamoja na wale vijana. Mama Rachael anataka afungiwe stima yeye wa kwanza. Wengine wamepanga foleni.

Nikaona mlango umefunguka! Nikamwambia Mzee Wakhisi kwamba mama atahitaji msaidizi mwenye uzoefu, na kwamba nitajitolea bila malipo kumshikia ngazi.

Mzee akaniambia nifikirie vizuri: nani atakuwa juu ya ngazi, na nani atakuwa chini akitazama juu?

Sikuwa nimefikiria. Nilikata simu mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimetulia. Nimejichunguza. Nimejifunza somo kubwa: tatizo lilikuwa nyumba. Nyumba zina vyumba, na vyumba vina mapazia.

Nimerudi kwa Bi. Dorca. Aliponiona alijaribu kujificha nyuma ya kompyuta. Kisha akanisihi, kwa kweli akanisihi, nichukue Gredi ya Tatu. Darasa linaanza Jumatatu. Alisema kuna nafasi moja, kwenye benchi la nyuma, karibu na mama mmoja mtu mzima kutoka Awasi, mwanafunzi mwenye bidii sana. Nikamshukuru. Nikamwuliza kuhusu stima za magari.

Gari halina chumba cha kulala!

Nikauliza kama utambuzi wa ujuzi upo huko pia. Upo. Akauliza, akiwa amefumba macho, kama nina gari lolote nililolitengeneza. Mdomo ukasema ninalo. Mdomo ukasema ni jeupe, na ukataja namba zake. Ni la Robinson.

Jumapili tunakwenda Awasi, familia yote, nimwombe mama radhi mbele ya wale akina mama. Robinson ndiye atakayetuendesha. Nakhumicha aliposikia kwamba nimekubali kwenda bila kubisha, alinitazama tena ule muda mrefu. Jioni hii chai ilikuwa na tangawizi, kidogo tu. Nimeona aibu, nusura nimwambie kuhusu gari.

Lakini Robinson huacha funguo ndani ya gari wakati wa maombi, na maombi ya mama ni marefu.