Tangazo kwa Wamama: Kitabu cha Kolonel Bagalwa Kimehakikishwa

Wamama wote wa mitaa ya Mapendo na Katindo, zaidi wale wenye watoto wanaopenda kusoma, mujulishwe: serikali imeunda Komisyo ya Kuhakikisha Ushujaa Ulioandikwa. Ilikuwa lazima. Maaskari wameandika vitabu vingi vya vita, na watu wabaya walianza kuuliza maswali.

Kitabu cha kwanza kuchunguzwa ni cha Kolonel Bagalwa, jirani yangu. Mwanzoni anasimamisha moto wa volkano ya 2002 kwa bunduki. Ukurasa wa makumi ine anafukuza waasi mia tatu peke yake, tena akiwa na malaria. Binti yangu Nishimwe alikisoma mara mbili, akajaza fomu ya kuingia jeshi.

Nikaenda Komisyo mbio.

"Papa Prezida wa Komisyo, siku ya volkano nilivuka mupaka na huyu Kolonel. Alivaa kikwembe changu cha kujifunga, matela ya kulalia kichwani, akajiita Mama Donatille."

"Mama, ulisoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa ine, primaire."

"Basi kitabu kimekushinda."

Wakapiga kashe, ule muhuri wa serikali: KWELI TUPU.

Juma lililofuata waasi wakateremka kutoka Rutshuru. Wakubwa wa jeshi wakasoma kitabu, wakaona hakuna sababu ya kusumbua maaskari elfu mbili. Amri ikatoka: Kolonel Bagalwa aende peke yake, kulingana na ukurasa wa makumi ine. Malaria atajitafutia.

Asubuhi akabisha kwangu, jasho linamutiririka.

"Mama Nishimwe, nisaidie! Andika kwamba nilidanganya."

"Aa, Kolonel, mimi sikusoma sana."

"Mama, nitakufa!"

"Nitaandika. Lakini kwanza umwambie binti yangu vile ilikuwa."

Akakaa mbele ya Nishimwe, macho chini. "Siku ile ya ukurasa wa makumi ine nilikuwa Vitshumbi, kule ziwani, ndani ya mutumbwi, chini ya samaki. Siku tatu."

"Na waasi?" Nishimwe akauliza.

"Walikuja kununua samaki."

"Ukafanya nini?"

"Nikawafungia samaki vizuri."

Nishimwe akapasua fomu yake vipande vinane. Mimi nikaandika barua, nikaipeleka Komisyo siku ileile. Wakaikataa kwa heshima: kitabu chenye kashe hakiwezi kuwa uongo, hata mwenyewe akisema.

Saa sita lori likamubeba. Alikuwa ameinamia kitabu chake, anafungua kurasa haraka-haraka, anatafuta vile alishinda.