Sepetu, Nondo na Nyumba ya Kilimani

Jumatatu, 3 Julai
Supu imemwagika tena. Si kosa langu, ni la sakafu. Nyumba yetu imelalia upande wa ziwani, na bakuli nalo linafuata. Aanis, mke wangu, alipangusa meza bila kunitazama. Afadhali angefoka.

Lakini leo kuna habari! Halmashauri ya kijiji imejenga nyumba kilimani. Moja tu. Atapewa yule ambaye barafu ya ardhini, ile inayobeba nyumba zetu, imeyeyuka zaidi uani kwake. Tuyaara, mtaalamu wa kutoka mjini Yakutsk, atakuja mwezi wa nane na nondo yake. Anaichomeka ardhini mpaka igonge barafu, anasoma kina, basi. Mwaka jana kwangu iliishia magotini. Kwa jirani yangu Kirgielei ilifika mapajani. Kirgielei ameshaanza kuulizia mapazia. Mapazia!

Jumanne, 4 Julai
Nimepata akili. Kila mtoto hapa anajua kwamba ukibandua nyasi na mizizi yake, jua linapenya na barafu ya chini inakwisha. Bibi zetu walitufinya masikio kwa kuchimbachimba uani. Sasa, nikibandua kidogo, pale tu penye vigingi vya Tuyaara, anapopimia kila mwaka, nani atajua?

Jumapili, 9 Julai
Kijiji kizima kimekwenda kukata majani ya ng'ombe na farasi. Mimi naumwa mgongo. Aanis aliniuliza umeanza lini. Nikamwambia asubuhi hii hii.

Kabla ya kuchomeka sepetu ardhini ni lazima umpe mwenye ardhi, yule asiyeonekana, chapati ya maji, na umwombe radhi. Aanis aliniachia nne. Nilikula tatu. Ya nne ilikuwa na siagi nyingi, kuitupa ni dhambi. Nikaomba radhi huku natafuna.

Nimebandua vizuri, nyuma ya nyumba, karibu na ghala la barafu, lile shimo letu la kuhifadhia nyama. Kirgielei akapita na reki begani, akauliza nalima nini. Nikasema viazi. Akashangaa, viazi mwezi wa saba? Nikamwambia ni vya kuchelewa. Akaenda zake akitikisa kichwa. Mbea mkubwa!

Jumamosi, 22 Julai
Kila siku navimwagia "viazi" maji ya moto ya bafuni. Leo nimechomeka mti wangu wa kuvulia samaki. Umezama mpaka kiunoni! Nilicheza ngoma peke yangu, mbu wakinishangilia.

Aanis anaona nina bidii ya bustani. Kasema uzee umenituliza. Roho iliniuma kidogo. Kidogo sana.

Alhamisi, 10 Agosti
Balaa. Aanis alishuka ghalani kuchukua nyama, akapanda juu amelowa mpaka magotini. Maji yamejaa! Ukuta mmoja umeporomoka. Barafu tuliyoikata ziwani kwa ajili ya maji ya chai imeyeyuka yote. Samaki wanaelea kana kwamba wamerudi ziwani. Nyama ya mwanafarasi, ya kutufikisha kipupwe, inanuka upande mmoja.

Aanis alikaa kwenye ngazi akalia. Ghala lile alilichimba marehemu baba yake, kwa mikono, mwaka tuliooana. Nilitaka kusema. Kweli kabisa, mdomo niliufungua. Nikasema dunia siku hizi imekuwa na joto.

Kirgielei akaja na mkokoteni bila kuitwa, akachukua nyama iliyosalimika akaihifadhi ghalani kwake. Nimemshukuru. Kumshukuru mtu wa mapazia kunauma kuliko mgongo.

Jumatatu, 14 Agosti
Tuyaara kaja! Nondo ilizama mpaka kifuani kwake. Akachomeka na kipima unyevu, kikasoma kama vile tumesimama ndani ya ziwa. Akachomoa, akafuta, akarudia. Akaguna. Akasema tangu aanze kazi hajaona kitu kama hiki. Nikainamisha kichwa, nikamwambia mateso tumeshayazoea.

Kisha akazunguka na nondo yake upande wa pili wa nyumba. Sikumfuata. Nilikuwa nafikiria rangi ya mapazia.

Ijumaa, 18 Agosti
Mkutano wa kijiji. Nilivaa shati la harusi.

Tuyaara akasimama. Kasema kwa Kirgielei ardhi inazama yenyewe, pande zote, na nyumba ile haitamaliza miaka miwili. Kwa Mzee Bahilai, yaani mimi, nondo inazama kifuani penye viazi, na hatua chache pembeni inaishia magotini, palepale pa mwaka jana. Na viazi vyenyewe hakuviona. Nyumba ya kilimani kapewa Kirgielei. Uani kwangu patawekewa uzio, pawe pa kuwaonyesha watoto wa shule kinachotokea mtu akibandua nyasi.

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mwenyekiti. Aanis hakucheka.

Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni akanigeukia. Aliuliza neno moja tu.

"Ghala la baba, Bahilai?"

Supu sikuigusa. Imemwagika yenyewe.

Jumamosi, 19 Agosti
Sikulala. Nimeona aibu, nimejuta, nimewaza sana. Nitamfuta machozi mke wangu, naapa.

Na nimegundua nilipokosea. Kosa halikuwa kubandua. Kosa lilikuwa kubandua upande mmoja! Nikizunguka nyumba yote sawasawa, ardhi itazama pande zote kama kwa Kirgielei, na nani atasema ni sepetu? Isitoshe nyumba itashuka ikiwa wima, supu itulie. Mwakani wakijenga nyingine, ni yetu. Akili ikija, inakuja yote!

Aanis ameficha sepetu, kaenda kumsaidia mke wa Kirgielei kutundika mapazia. Haidhuru. Nimeazima ya Kirgielei. Alinipa bila kinyongo, akauliza tu kama ni viazi tena. Nikamwambia ndiyo, safari hii vya mapema.