Yah: Kuondolewa kwa Vitabu vya Ujasiriamali Vinavyotuharibia Salamu

Ndugu Mkutubi,

Pole na kazi, na pole na baridi ya wiki hii. Nimeandika habari za wilaya yetu kwa miaka mingi bila kumlalamikia mtu, kwa hiyo naomba lalamiko langu la kwanza lipokelewe kwa uzito. Linahusu rafu yenu mpya ya vitabu vya kuanzisha biashara na vya kuelewa jinsi binadamu anavyofanya maamuzi. Naomba vitolewe. Ikishindikana, vifungiwe kabatini pamoja na sumu ya panya. Sababu ni hizi:

1. Zakia, muuza maandazi wa karibu na stendi, aliazima kimoja. Amesoma humo kwamba mtu akishatamka jambo kwa mdomo wake, huona aibu kulikana kwa vitendo. Wewe ni mwenyeji, unajua kwamba huku hatuulizani bei kabla ya kuulizana habari za nyumba nzima. Sasa Zakia ananianza: "Shikamoo baba. Mama hajambo nyumbani?" Anamaanisha mke wangu, Evelina. Nikijibu hajambo, tayari ameshanyanyua andazi. "La kwake hili. Na bibi?" Bibi ni mama yangu mzazi; naye hajambo. "Na shemeji wa Bungu?" Nilikwenda kunywa chai, nikarudi na mfuko. Kukataa nimejaribu. Aliniuliza kwa upole, mbele ya watu: "Kwani bibi anaumwa?"

2. Maarifa yamesambaa. Fanueli seremala, ambaye kazi yake kubwa ni majeneza, naye amesoma. Zamani alinipungia mkono tu. Siku hizi anavuka barabara. "Shikamoo mzee. Na bibi, bado anatembea mwenyewe?" Nikasema anatembea. "Tumshukuru Mungu," akasema, huku akizitazama mbao zake. "Kwa urefu mnalingana?"

3. Wananchi wameanza kujihami kwa uongo. Kila unayemsalimia, familia yake imesafiri; kwa hesabu ya salamu, mtaa wetu umebaki na wazee wanaume na mbwa. Nami nikaingia mkumbo. Jumanne, Zakia alipouliza habari za Evelina, nilimjibu kwamba hayupo, ameondoka. Niliokoa andazi moja. Sijafika nyumbani, habari kwamba nimeachwa imeshafika Bungu kwa shemeji yangu Emanueli. Katika kazi yangu sijawahi kuona habari iliyosafiri kwa kasi hiyo.

4. Evelina alikuwa jikoni. Habari ya kuondoka kwake aliipata kwa simu, kutoka kwa kaka yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umenikana stendi kwa ajili ya andazi? Basi nisikufanye mwongo." Akajifunga kitenge, akapanda gari la kwenda kwao Bungu. Hajarudi. Mama yangu haongei nami; anaongea na kuku kuhusu mimi.

5. Kwa kuwa rafu ni yenu, naomba pia maktaba imwandikie Evelina barua yenye mhuri, kuthibitisha kwamba nilipotamka maneno yale nilikuwa nimeathiriwa na kitabu ambacho sijakisoma. Wewe mwenyewe uongoze ujumbe wa kwenda Bungu kuomba radhi. Mbuzi awe wa maktaba.

Nisalimie wafanyakazi wote, mlinzi, na wanafunzi wanaokuja kusinzia alasiri. Salamu hizi hazifuatiwi na mauzo.

Wako katika kutafuta ukweli na chakula cha jioni,
Kornelio Shemweta

N.B. Kabla ya kuifunga barua hii nilikichukua kitabu kwa Zakia, nipate ushahidi. Kinasema usimwombe mtu uamuzi mkubwa; mwombe mdogo. Nikampigia Evelina. Sikumwomba arudi. Nilimwuliza tu, kande hupikiwa sufuria lipi? "Usiguse kitu jikoni kwangu," akasema. "Nakuja." Alifika na gari la mchana.

Kwa hiyo vitabu vibaki. Hiki naomba kiongezewe muda, maana sasa anakisoma yeye. Asubuhi hii ameniuliza kama ningependa kuanza na kufua au kupalilia maharage. Nimechagua kufua. Ni uamuzi wangu mwenyewe, na nimeridhika nao.