Jogoo Niliyemwahidi Mungu

Jumatano, 5 Novemba
Mdomo wangu huu! Ibada ya jioni, Mchungaji Muhonja alifundisha utii. Alisema kumtii Mungu huanza na kile kinachouma kukitoa. Barnaba akaruka juu, akaahidi mbuzi kwa Jumapili ya mavuno. Barnaba! Anajua siku hiyo tunachagua mzee mpya wa kanisa. Anakitaka kile kiti cha mbele chenye mto. Kiti ninachokiota mimi!

Nami nikasimama. Nikamwahidi Mungu Kamanda, jogoo wangu mwekundu mwenye mkia mweusi. Watu hutoka Khwisero kuleta mitetea yao kwake. Kanisa lilipiga makofi. Mke wangu Khalayi alifuta machozi. Nilipoketi ndipo nikasikia nilichosema.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwuliza Mungu kama kweli anamhitaji Kamanda, au moyo wangu tu unamtosha. Hakujibu. Nimechukua kwamba hana neno. Khalayi ndiye aliyejibu bila kuulizwa: ati Kamanda si wetu tena, tunamlishia Mungu tu. Nikamwambia habari za utii akamfundishe mtu mwingine. Akacheka, akaendelea kupepeta maharagwe yake ya sadaka.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimepata njia! Nimepanda boda hadi soko la Navakholo, nikapata jogoo mwekundu. Mwembamba, na anakohoa, lakini mwekundu. Mkia ndio mweupe. Nikanunua kopo la rangi nyeusi ya viatu, nikampaka kwa brashi mpaka akang'aa. Mungu huangalia moyo. Wanaoangalia mkia ni akina Barnaba.

Jumamosi, 8 Novemba
Kamanda nimfiche wapi? Nyumbani Khalayi atamwona. Kumbe ufunguo wa stoo ya kanisa ninao mimi, kwa kuwa ndimi mpanga viti! Nani atatafuta jogoo nyuma ya madhabahu? Nikamfunika kwa tenga, gizani. Gizani jogoo hulala. Yule mwembamba nimemtia kikapuni; Khalayi nimemwambia ni Kamanda, asifunue, anajiandaa kiroho.

Jumapili, 9 Novemba
Aibu! Aibu tupu!

Mchungaji alimshika jogoo kwa mikono miwili, akamwinua juu, akaomba sana. Joto lilikuwa kali, akajifuta jasho. Tulipofumbua macho, paji lake lote lilikuwa jeusi. Akatazama viganja vyake. Akatazama mkia. Akanitazama mimi. Nikaanza kuimba pambio, hakuna aliyeitikia.

Hapo yule mwembamba akawika, kisauti cha kikohozi. Nilikuwa nimesahau jambo moja: Kamanda hakubali jogoo mwingine awike bila kumjibu. Akajibu kutoka stoo. Mara tatu! Sauti ile inajulikana mpaka mtoni. Kanisa zima lilianguka kwa kicheko. Barnaba alishika mbavu. Mchungaji akasema angalau Kamanda ameitika wito, amemshinda bwana wake.

Wakachagua mzee. Nilitegemea huruma. Watu wakamtaja Khalayi, kwamba alileta maharagwe yake kimya bila kumtangazia mtu. Hata Barnaba aliinua mkono. Mke wangu!

Kamanda akachinjwa, akawa ingokho, kitoweo cha kuku cha wageni. Nililia kidogo nyuma ya choo. Nilimpenda jogoo yule jamani. Mezani nikanyoosha sahani nipewe imondo, ile firigisi ambayo kwetu hailiwi na mwingine ila baba wa nyumba. Mchungaji akaichukua kwa kijiko, ikapita juu ya sahani yangu, ikatua kwa mzee mpya. Khalayi akaitafuna polepole, akinitazama.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimetubu. Nimepiga magoti mpaka yakauma. Mzee Khalayi alisimamia toba yenyewe akiwa kwenye kiti chake. Nimemwambia Mungu kwamba tangu leo nitamtii katika kila jambo, kubwa na dogo. Nimejisikia mwepesi kabisa.

Nasikia mwezi ujao kanisa litachagua mwenyekiti wa akina baba. Barnaba ameshaanza kusalimia watu. Basi Jumatano nitasimama tena mbele ya wote, nimwahidi Mungu beberu wangu mweusi, aliye wa pekee.

Pale Navakholo niliona beberu wa kahawia wa bei nafuu, mpole sana. Na rangi ya viatu imebaki nusu kopo.