Nilivyomkumbatia Mama Mkwe Galveston

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nguo zangu zote nilikuwa nimezivaa. Nawaandikia nikiwa nimejifungia bafuni, maana huko sebuleni bado wanacheka.

Ngoja nianzie mwanzo. Mama mkwe wangu yuko kwetu hapa Pearland, kando ya Houston, wiki ya tatu sasa. Ametoka Bungoma kuja kumpokea mjukuu wake wa kwanza, kwa sababu mke wangu Nasimiyu ana mimba ya miezi saba. Baba mkwe alifariki mwaka jana, na tangu tumzike, Mama hajacheka. Anatabasamu kwa adabu tu, kama mgeni aliyepewa chai isiyo na sukari. Juzi akamwambia Nasimiyu tumbadilishie tiketi arudi nyumbani.

"Mnatoka kukiwa giza, mnarudi kukiwa giza, na jirani hata jina simjui," alisema. "Nikae hapa nilinde sofa?"

Nasimiyu alilia usiku huo mpaka nikaogopa. Kuzaa mara ya kwanza, ugenini, bila mama, si mchezo. Nikasema kama mwanamume wa nyumba: Jumamosi tunamtembeza Mama. Nikajisifu kwamba Houston na pwani yake naijua nje ndani. (Ukweli ni kwamba kwa miaka sita nimejua hospitali ninayofanya kazi ya uuguzi, kanisa, na duka linalouza unga wa ugali.)

Sasa kuna jambo moja msio wa kwetu lazima mlielewe. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata mkono hatupeani. Hatuketi kiti kimoja wala hatuli meza moja. Ni heshima, na heshima mimi nilifundishwa. Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo wiki hizi tatu nimekuwa nikila chakula changu gereji, nimesimama kando ya mashine ya kukata nyasi.

Basi leo asubuhi tukaondoka. Mama nyuma, Nasimiyu mbele, mimi kwenye usukani.

"Mwambie Wafula apunguze hiyo baridi," Mama akasema.

"Babe, punguza AC."

Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza, lakini nilingoja nitafsiriwe. (Mila ni mila.)

Tulianza kwenye kituo cha mambo ya anga. Kuna roketi pale imelazwa chini, ndefu kuliko boma letu lote. Mama akatembea kando yake kutoka kichwani hadi mkiani, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe wa mahari.

"Muulize mumeo, hawa walifika mwezini kweli?"

"Walifika, Mama," Nasimiyu akajibu.

"Wakakuta watu?"

"Hapana."

"Basi ni kama Pearland."

Nasimiyu na mimi tukaangua kicheko. Mama hakucheka. Hakuwa anatania.

Tukateremka hadi Galveston. Tukaingia kwenye jumba la samaki, lile unamotembea papa wakiogelea juu ya kichwa chako. Nilikuwa na uhakika hapo atafurahi. Mama alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Baba yako angekaa hapa siku nzima." Kisha akageuka akatoka nje. Nikaona siku inaniponyoka na tiketi ya kurudi inakaribia.

Tukatembea kando ya bahari hadi kwenye gati la michezo. Kuna gurudumu kubwa la kuzungusha watu, kuna farasi wa mbao, na juu ya hayo yote kuna kitreni kinachopanda reli mpaka mawinguni halafu kinaporomoka. Mama akasimama ghafla.

"Kile ni nini?"

"Kitreni, Mama," Nasimiyu akasema. "Kinapandisha watu juu, halafu kinawaachilia."

"Wamefanya kosa gani?"

"Hakuna, Mama. Wanalipa wenyewe."

Mama akakitazama kikipanda, kikiporomoka, watu wakipiga mayowe. Akafunga kilemba chake vizuri. "Nataka," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike Amerika kutaka kitu chochote. Langoni kuna bango kwamba wajawazito hawaruhusiwi. Nasimiyu akanigeukia na yale macho.

"Babe, please. Mama hawezi enda peke yake. Wewe kaa tu row ya nyuma yake."

Nikakubali. Sikuwahi kupanda kitu kama kile maishani, lakini mimi ni mtu ninayedunga watu sindano kila siku, nitaogopa kitreni?

Msimamizi alikuwa mama mmoja wa Kitexas mwenye kipaza sauti mkononi. Nikaelekea safu ya nyuma. Akanizuia.

"Wawili wawili, mpenzi. Keti na mama yako." (Texas kila mtu ni mpenzi.)

"Si mama yangu. Ni mama wa mke wangu."

"Bora zaidi. Keti."

"Haiwezekani. Kwetu hatuketi pamoja. Ni mila."

Akanitazama. Akatazama foleni nyuma yangu. Kisha akainua kile kipaza sauti. "Jamani, huyu bwana anamwogopa mama mkwe wake!"

Foleni nzima ikanipigia makofi. Mama alikuwa ameshakaa, ametulia kama yuko kanisani. Nikaketi pembeni kabisa, nusu ya makalio yako nje. Chuma cha usalama kikateremka, kimoja tu, juu ya mapaja yetu sote wawili. Mama akakishika. Mimi nikakishika. Vidole vyetu vikawa karibu kugusana. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao digrii yangu ya uuguzi haiwezi kuueleza: nikakiachia. Nikakunja mikono kifuani, kwa heshima.

Tukapanda. Nikaiona bahari yote na meli za mafuta. Nikamwona Nasimiyu chini akitupungia, ameshika tumbo. Kileleni kikatulia kidogo.

Halafu kikatuachilia.

Nikasikia mwanamke akilia kwa uchungu, nikamhurumia Mama, kisha nikagundua ile sauti ni yangu. Mikono ikatafuta kitu cha kushika, na kilichokuwa karibu kilikuwa mama mkwe. Nikamkumbatia kiunoni kwa nguvu zangu zote. Nikaficha uso begani mwake nikiita "Mama! Mama!" kama mtoto anayechanjwa. Kilemba chake kikafunguka kwa upepo kikaniangukia kichwani. Na katikati ya maangamizi yale, kwa mara ya kwanza tangu nioe, Mama akanisemesha bila mkalimani.

"Wafula, fungua macho. Tunapita pazuri."

Sikufungua.

Tulipofika chini Mama aliteremka mwenyewe. Mimi nilishikwa mkono na yule wa kipaza sauti. Kwenye njia ya kutokea wameweka skrini zinazoonyesha picha ulizopigwa ukiwa juu, na mbele ya skrini moja Nasimiyu alikuwa amesimama akilia. Nikamuuliza kama uchungu umeanza. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole.

Picha ilikuwa kubwa kama dirisha. Kushoto niko mimi, nimefunikwa kilemba kama bibi harusi, nimemng'ang'ania mkwe. Kulia yuko Mama. Mikono yote miwili iko juu na meno yote yako nje. Anacheka.

"Babe, tazama Mama," Nasimiyu akasema. "Mtazame tu."

Nikamtazama. Kicheko kile nilikiona mara ya mwisho siku ya harusi yetu, Baba mkwe alipocheza mpaka kiatu kikamtoka. Mama naye akasogea, akaiona picha, akaanza upya. Alicheka mpaka akaketi kwenye benchi akijipigapiga mapaja. Nikamshukuru Mungu palepale.

"Nunueni," Mama akasema.

"Mama, tuiache," nikamsihi mwenyewe.

"Nunueni ile kubwa."

Tukiwa barabarani akaipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la ukoo. Mjomba aliyesimamia mahari yetu akaandika kwamba nitozwe mbuzi kwa kumgusa mkwe. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti, sote tukisikia: "Hakuna mbuzi. Mimi ndiye niliyemshika kijana asianguke." (Akadanganya kwa ajili yangu, naye ni mzee wa kanisa.) Kisha akasogea mbele.

"Wafula. Huko Dallas wana kitreni?"

"Wanacho, Mama. Kikubwa zaidi."

"Basi tiketi iacheni. Tutaenda mtoto akipata nguvu ya shingo."

Nasimiyu akanishika goti, nami nikaendesha gari nikiwa sioni barabara vizuri.

Jioni nikachukua sahani yangu kwenda gereji kama kawaida. Mama akaniita. "Rudi hapa. Umenikumbatia mbele ya Amerika nzima, huko gereji unaficha nini?" Nimekula mezani. Wali ulikuwa wa moto.

Picha sasa imebandikwa kwenye mlango wa friji, katikati kabisa. Karibuni chai siku yoyote, ila maziwa nitawatolea kwenye friji mwenyewe.