Mshenga Aliyeleweshwa na Gari

Jamani, leo nimevuliwa nguo. Mchana kweupe, sokoni Mbalizi, na kanzu mpya mwilini! Nipisheni nikae, nimiminieni na kahawa. Mkicheka naondoka.

Zuhura mnamjua. Binti wa Mzee Shomari, yule aliyehamisha duka lake kutoka Iringa kuja Mbalizi miaka miwili iliyopita. Siku waliyohama, Zuhura alikaa juu ya lori, juu ya magunia ya chumvi, akatetemeka Mufindi nzima. Baadaye akaniandikia: "Baridi ile sitaisahau." Sikulala. Mimi fundi mzima wa gereji, halafu mchumba wangu atetemeke?

Ndipo nikalinunua lile gari bovu la mzungu wa mashamba ya chai. Gari dogo la mashindano, viti viwili, la tangu kabla ya vita. Kuku walikuwa wanatagia kitini! Miaka miwili nimelifufua, kila Jumapili. Milangoni nikajaza sufi. Sakafuni nikatandika mablanketi ya jeshi. Juu nikashona turubai mara mbili, pembeni nikaziba kila upenyo. Kila nilipopiga nyundo nilimwona Zuhura amekaa pale, hatetemeki. (Hewa itapita wapi, sikujiuliza. Fundi huyo!)

Juma lililopita ikaja barua yake. "Kuna mtu wa Tukuyu ameleta posa. Baba anamjibu Jumatatu. Kama unakuja, njoo." Basi, barua nzima ndiyo hiyo. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Alfajiri ya leo tumeondoka Iringa, mimi na mshenga wangu Mzee Kondo, muadhini wetu. Nilimchagua makusudi. Mtu wa swala tano, hata kahawa anaiogopa asije akaizoea. Nani atamkatalia?

Kufika Nyololo, petroli inaelekea kwisha. Dukani kuna mafuta ya taa tu. Sasa injini ile ukiipa mafuta ya taa inagonga na kufuka. Ningefika kwa mkwe kama tanuri la mkaa. Nyuma ya duka nikamkuta mama mmoja anauza gongo, kwa kificho.

"Kamwene, mama. Inawaka hiyo?"

"Inawaka, baba. Jaribu mwenyewe."

Nikamimina kidogo kwenye kifuniko, nikawasha kiberiti. Mwali wa buluu, safi! Mzee Kondo akaruka.

"Haramu hiyo, Idi!"

"Mzee, linakunywa gari. Sisi hatumo."

Nikaichanganya na petroli iliyobaki. Gari likaondoka kama limetukanwa! Debe la akiba nikaliweka miguuni kwa Mzee, nimeliziba kwa gunzi la mahindi.

Barabara mnaijua. Tulipopita Makambako gunzi likaruka, na nusu ya debe ikazama kwenye mablanketi. Injini ikapasha sakafu moto. Mvuke ukapanda, na pa kutokea hapakuwepo. Mzee kwanza akakohoa. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Mzee, tusimame kidogo?"

"Twende! Wewe twende tu! Kuna harusi huko!"

Na mimi kichwa kilikuwa chepesi, nikadhani ndiyo furaha ya kumkaribia Zuhura. (Kumbe!)

Mbalizi hiyo. Mzee Shomari amesimama mlangoni pa duka lake, pale sokoni, na wazee wenzake, wanatungoja kwa heshima zote, maana nilitanguliza salamu kwamba namleta muadhini. Mzee Kondo akashuka. Akashika mlango wa gari. Akashika ukuta. Akashika ndevu za Mzee Shomari!

"Tumekuja..." akasema. "Tumekuja..." Akanigeukia. "Idi, hivi tumekuja kufanya nini?"

Akajilaza barazani, usingizi ukamchukua.

Mzee Shomari akanusa kanzu ya Mzee Kondo, akanusa na yangu. "Huyu ndiye muadhini?" Nikaapa. Nikaeleza habari za sufi, sakafu, gunzi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kunuka.

"Mgeni wangu atalala hapa mpaka azinduke," akasema. "Wewe nenda. Kesho adhuhuri nampa jibu mtu wa Tukuyu. Kama una neno kabla ya hapo, lete mshenga anayeweza kusimama."

Gari nalo likakataa kuwaka. Nikaliacha mlangoni kwake, nikadandia lori la viazi linalokuja huku mjini. Likaanza kuondoka, nikageuka.

Zuhura alikuwa ametoka nje. Miaka miwili sijamtia machoni, jamani! Amekonda kidogo. Alilizunguka gari polepole, akaupapasa mlango, akaingia, akakaa kile kiti cha pembeni ya dereva. Akafunga mlango.

Nilikuwa na maneno ya miaka miwili moyoni. Mazuri, nimeyapanga. Nikasimama juu ya viazi nikapiga ukelele:

"Zuhura! Fungua mlango, utalewa!"

Soko zima likageuka.

Haya, chekeni mmalize. Halafu mniambie, nani kati yenu atanisemea kwa Mzee Shomari? Kesho asubuhi tunakwenda, na tunakwenda kwa miguu.