Siku Nilipoisahihisha Saa ya Bi Rukia

Leo nimejiaibisha mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Mchana kweupe, hapa Voi mjini, watu wa soko wakihesabu. Nawaeleza mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana wao wataiongezea chumvi. Na hii haihitaji chumvi.

Wengi wenu mnajua nataka kuwa fundi saa. Si saa za betri. Zile za zamani, za kutia ufunguo, zenye magurudumu madogo ndani yanayosukumana mpaka unasahau kula. (Mlionicheka kwa hilo, endeleeni kusoma. Leo mtapata sababu mpya.)

Shida ni kwamba kazi hii haina mlango wa kuingilia. Niliuliza chuo kimoja cha ufundi, mwalimu akaniangalia kwa huruma akasema, "Hiyo hatuna. Kuna kozi ya nywele, na kuna ya kutengeneza friji." Niliandikia shule moja Ulaya, wakanijibu kwa adabu sana, wakanitakia maisha mema. Nilitazama video mpaka simu ikapata joto la pasi. Mwisho nikaona mlango uko mmoja tu, uko nyuma ya soko la Voi, una upana wa meza mbili, na mwenyewe anaitwa Mzee Athmani.

Mzee Athmani ametengeneza saa tangu kabla mama yangu hajaolewa. Ana kile kioo cha kubana jichoni, na nafikiri hulala nacho. Nimeenda kumwomba anifundishe mara tatu. Mara ya kwanza alisema hataki mwanafunzi. Mara ya pili alisema hataki mwanafunzi. Mara ya tatu nilimpelekea maparachichi kutoka kwetu Werugha, akayabonyeza moja moja, akasema, "Njoo Jumanne nikutazame siku moja. Nikiridhika utabaki. Nisiporidhika, usinijie tena, hata na maparachichi."

Siku moja, basi. Na mimi nikafanya nini? Ijumaa nikaacha kazi yangu ya saiba, ile ya kuuza intaneti. (Ndio, kabla hata sijajaribiwa. Msiniulize.) Jumapili Mama akasimama kanisani akatangaza kwamba binti yake anaenda kusomea saa, nikaitwa mbele, na kikundi kizima cha akina mama kikaniwekea mikono kichwani. Ukiombewa namna hiyo huwezi kurudi Werugha Jumanne hiyo hiyo jioni kusema imeshindikana.

Asubuhi ilienda vizuri, lazima niseme. Nilifagia. Nilipanga bisibisi kutoka ile ndogo hadi ile ndogo zaidi. Mzee akanipa saa moja ya mkono iliyokufa, nikaifungua, nikaweka kila kipande kwenye sahani kwa mpangilio wake, na sikupoteza hata skrubu moja. Alipita nyuma yangu, akainama, akasema, "Mm."

Mama Mghoi, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye husikia kila kitu, akaniita kando. "Hiyo 'mm' umeipata leo leo? Kuna wateja wameingoja tangu mwaka jana." Nikarudi mezani kichwa kimevimba.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mzee akavaa kofia yake. "Naenda nikaswali," akasema. "Mtu akija, mwambie angoje. Na usikae bure. Tazama tazama."

Nikajua hapo ndipo mtihani ulipo. Mzee mjanja kama huyu hawezi kukuambia tazama tazama bure. Lazima ameacha kitu kibovu mahali, aone kama nitakigundua.

Nikatazama. Na ukutani, juu kabisa ya meza, nikakiona.

Ilikuwa saa kubwa ya mbao nyeusi, yenye kengele ya kugonga kila saa, na kile chuma chake kinabembea polepole kama mtu asiye na haraka. Imetundikiwa kijikaratasi: Bi Rukia, imesafishwa. Nikaangalia simu yangu. Saa sita na dakika ishirini, mchana. Nikaangalia ukutani. Mkono mfupi umepita kidogo ile namba sita, kule chini.

Sasa, kila mtoto aliyepita darasa la pili anajua. Saa sita mchana mkono mfupi unakuwa juu, kwenye kumi na mbili. Ukiwa chini kwenye sita, hiyo ni saa kumi na mbili, ya alfajiri au ya jioni. Saa ya Bi Rukia ilikuwa imepotea masaa sita kamili, na jua la Voi liko utosini pale nje kama shahidi. Nikatabasamu peke yangu. Mzee, nimekupata.

Hapa naomba mnipe sifa kidogo, maana ndizo za mwisho. Saa ya kengele hairudishwi nyuma, na haizungushwi mbio. Unasogeza mkono mrefu mbele, ukifika kila saa unasimama, unaiacha igonge mpaka imalize, ndipo unaendelea. Ukiiharakisha, kengele inachanganyikiwa, inagonga nne wakati ni tisa, na pengine unavunja kitu. Hiyo niliijua. Nikapanda juu ya stuli, nikaanza.

Ikagonga saba. Jameni, ile kengele haikutengenezwa kwa chumba cha meza mbili. Ikagonga nane. Wauza mboga wakageuka. Ikagonga tisa.

"Wakesho," Mama Mghoi akaniita kutoka kwake, "kwani saa hizi ni saa ngapi?"

"Bado haijafika, Mama Mghoi."

Ikagonga kumi. Ikagonga kumi na moja. Ikagonga kumi na mbili, nikausogeza mkono mrefu ulingane na simu yangu, ndipo nikashuka, masikio yananiwasha, nimeridhika kabisa. Nikachukua kalamu. Chini ya maandishi ya Mzee nikaongeza: Ilikuwa imepotea masaa sita. Imesahihishwa na Wakesho, fundi. (Fundi. Niliandika fundi. Nikiwa na nusu siku kazini.)

Sikumaliza hata kuifunika kalamu, mama mmoja mzee akaingia, buibui safi, mwavuli mkononi kwa ajili ya jua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Rukia. Athmani aliniambia saa yangu i tayari."

"Iko tayari zaidi ya tayari," nikamwambia. "Tena ilikuwa na kosa kubwa. Nimelitoa mimi mwenyewe."

"Kosa gani?"

"Ilikuwa imepotea, Bibi. Masaa sita kamili."

Akaiangalia saa. Akaiangalia muda mrefu. Kisha akaketi kwenye benchi, akaweka mwavuli magotini. "Masaa sita," akasema. "Na miaka yote hiyo sisi tukiitegemea."

Nikamwonea huruma. Nikainama karibu naye, sauti ya daktari. "Pole sana. Hizi saa za zamani hudanganya watu. Hata Mzee Athmani mwenyewe ilimpita."

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Sikuhitaji kugeuka. Nilikijua kile kikohozi. Mzee Athmani alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, na nyuma yake Mama Mghoi na utepe wake wa kupimia shingoni, na nyuma ya Mama Mghoi wauza mboga wawili waliokuja kuuliza habari ya kengele.

"Endelea," Mzee akasema. "Mweleze mwenye saa."

Mdomo ulikuwa umeshawaka. Nikasema saa ilikuwa na kosa na sasa haina.

"Hebu niambie, mwanangu," Bi Rukia akasema kwa upole, na upole ule ungenishtua kama ningekuwa na akili. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa saba kasoro dakika kumi."

"Na ule mkono mfupi pale juu wakaribia ngapi?"

"Moja."

"Moja. Nami nimesikia saba."

"Ndio, Bibi, lakini saba ni moja."

Nikajisikia nikisema hivyo. Mara moja nikajisikia. Lakini neno likitoka halirudi, na hili lilikuwa limeshafika kwa wauza mboga.

"Saba ni moja," Bi Rukia akawaambia waliosimama mlangoni. Kisha akamgeukia Mzee. "Athmani, huyu mtoto asomea saa ama asomea uganga?"

Mama Mghoi aliinama akashika magoti. Mmoja wa wauza mboga akaanza kumuuliza mwenzake, "Nyanya saba ni ngapi?" na mwenzake akajibu, "Moja," na wakaendelea hivyo mpaka nikatamani sakafu ipasuke.

Mzee ndiye aliyenieleza, bila kupandisha sauti. Katika nyumba nyingine za watu wa pwani, saa ya ukutani hutegwa ionyeshe kile mdomo unachosema. Ikiwa saa sita, mkono uko kwenye sita. Ikiwa saa saba, uko kwenye saba. Baba yake Bi Rukia aliitega hivyo, na hakuna aliyeigusa tangu hapo ila kuisafisha na kuitia ufunguo. Haikuwa imepotea hata dakika moja. Mimi ndiye niliyeipoteza, tena kwa uangalifu mkubwa. "Ungemuuliza mwenyewe kwanza," akasema, "angekwambia kabla hujapanda stuli."

Kisha akakiona kijikaratasi. Akabana kioo jichoni. Akasoma kwa sauti, kila neno. Alipofika kwenye "fundi" akachukua kalamu yangu mkononi mwangu, akakata neno hilo moja, mstari ulionyooka kabisa. Hapo machozi yalinilengalenga, kusema kweli. Nilimwona Mama kanisani. Niliona saiba, na kijana aliyechukua kiti changu.

"Irudishe," Mzee akasema.

Na saa ya kengele, kama nilivyowaeleza mimi mwenyewe kwa majivuno, hairudishwi nyuma. Inaenda mbele tu, saa baada ya saa. Nikapanda stuli tena, mbele ya watu wote. Ikagonga moja, wakahesabu. Ikagonga mbili, wakahesabu. Walihesabu pamoja mpaka sita, na mmoja wao akajumlisha akatangaza kwamba zimetimia ishirini na moja, mizinga ya kumpokea rais. Akapiga saluti. Nikashuka kutoka kwenye stuli nikiwa rais wa wajinga.

Nikaanza kutafuta mkoba wangu. Nilitaka niondoke kabla sijafukuzwa.

"Ngoja," Mzee akasema. "Ile mara ya kwanza. Uliisubiri igonge?"

"Ndio, Mzee."

"Kila saa?"

"Kila saa."

"Waongo ni wengi," akasema.

"Hamsini na saba," Mama Mghoi akadakia akipangusa macho. "Nimezihesabu zote. Nimeshona kola mahali pa mkono kwa ajili yake."

Mzee akamtazama Bi Rukia. Nikamtazama Bi Rukia. Saa ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyekosewa. Akaisikiliza saa yake ikienda, tik, tak, akachukua mwavuli. "Yuna ubishi," akasema. "Lakini saa yangu hakuivunja. Mwachie afagie."

"Mjinga anayengoja kengele imalize, huyo afundishika," Mzee akasema. "Werevu wasiongoja washanivunjia saa nne. Njoo kesho. Kwa mwezi mzima utafagia, utapangusa vioo, na mkono wa saa hutaugusa hata ukikusalimia."

Basi nimepata nafasi. Mama akiwapigia, hilo ndilo la kumwambia, na muishie hapo. Na wewe unayenicheka saa hizi, angalia kwanza saa iliyo ukutani kwako, useme mkono mfupi uko wapi, halafu useme ni saa ngapi.